Sabuni Nyepesi ya Mama Karekezi

Costansia Uwiduhaye alikuwa na miaka hamsini na mitatu, lakini mikono yake ilimzidi umri. Miaka saba ya kukoroga sabuni ya maji ilikuwa imeichubua, ikapona, ikachubuka tena, mpaka ngozi ya vidole ikawa ngumu na yenye kung'aa kama ganda la maharage makavu. Pale Nkwenda walimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, Mama Karekezi, na waliomjua kwa sababu ya sabuni walikuwa wengi kuliko waliomjua kwa jambo lingine lolote.

Hakuichagua kazi hiyo. Ilimjia tu, kama mengi yalivyomjia. Mumewe, Mutabazi, alianguka kutoka juu ya lori la ndizi mwaka ule Karekezi alipomaliza darasa la saba, na mgongo wake haukurudi sawa tena. Tangu hapo akawa mtu wa kukaa. Alipukuchua mahindi, alichambua maharage, alichonga mipini ya majembe, na alipochoka alilala ubavu akitazama kibanja chao kinavyozidiwa na magugu. Yote yaliyobaki yakawa ya Costansia: kulima, kuni, maji, mifuko ya kahawa wakati wa mavuno. Kanisa lilipoleta semina ya siku tatu ya kutengeneza sabuni, alikwenda kwa sababu alisikia kuna chakula cha mchana.

Walikuwa wanawake wanane. Baada ya mwaka walibaki watatu, na baada ya miwili alibaki yeye. Wenzake walipata mahali pengine pa kwenda. Yeye hakupata, basi akaendelea kukoroga.

Njia yake ilikuwa ile ile ya semina. Alianza na gundi. Hivyo ndivyo walivyouita ule unga mweupe wa kuipa sabuni uzito, unaouzwa kwenye maduka ya malighafi kwa jina la herufi tatu ambazo hakuwahi kujua kirefu chake. Aliuloweka kwenye ndoo ya maji tangu jana yake mpaka unavimba na kuwa ute mzito unaovutika. Siku ya pili alimimina kwenye pipa salfoniki, ile asidi ya kahawia inayotiririka kivivu kama asali, kisha akatia magadi kidogo kidogo mpaka ukali unaisha na povu linatulia. Ndipo ute wa gundi ulipoingia, halafu rangi ya kijani, manukato ya limau, na gao la chumvi, kiganja kilichojaa, mwishoni. Alikoroga kwa mwiko mrefu saa nzima, akibadilisha mkono, akibadilisha mguu wa kuegemea.

Sabuni yake ilisifiwa kwa uzito. Ukiigeuza chupa, ilishuka polepole kama inayofikiria kwanza. Na watu waliupenda uzito huo, kwa sababu kwao sabuni nzito ndiyo sabuni, na nyepesi ni maji yaliyotiwa rangi. Shule ya sekondari ya wasichana iliyoko kilimani, mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka kwake, ilichukua madumu matatu kila mwezi. Mwaka wa tano huo hawakuwahi kumrudishia hata chupa moja.

Mwaka jana kiangazi, ambacho wenyeji wanakiita ekyanda, kiliwahi. Mwezi wa sita ulipoisha, tangi la maji ya mvua lililokuwa kando ya nyumba yake lilitoa mkoromo na matone machache ya mchanga. Costansia akaanza kuchota kwenye kisima kipya cha pampu, jirani na soko. Kisima hicho watu walikifurahia, maana kiliwaokoa na safari ya mtoni. Walilalamika tu kidogo kwamba chai inakuwa na ladha ya chumvi, na kwamba sufuria zinafanya ukoko mweupe. Mtu aliyebeba dumu la lita ishirini kichwani mara nane kwa siku haulizi maji yana ladha gani.

Sabuni ya kwanza aliyoitengeneza kwa maji hayo ilimshangaza. Gundi aliyoiloweka haikuvimba vizuri. Badala ya ute unaovutika, alikuta kitu kama maji ya kuoshea mchele. Akajiambia itakaa sawa ndani ya pipa. Haikukaa. Alipokwisha kuchanganya vyote, mwiko ulizunguka bila kupata kizuizi, mwepesi kama unakoroga chai.

Akakumbuka alichofundishwa kwenye semina: sabuni ikiwa nyepesi, ongeza chumvi. Akatia gao moja. Akakoroga, akasubiri, akainua mwiko. Sabuni ikatiririka. Akatia gao la pili. Ikatiririka zaidi. La tatu alilitia kwa hasira, na pipa zima likawa jepesi kiasi kwamba aliliona vumbi la chini likizunguka. Akakaa juu ya dumu lililopinduliwa na kuiegemeza mikono kwenye magoti.

"Pengine mkono wako umechoka kukoroga," Mutabazi alimwambia kutoka kibarazani.

"Mkono wangu umechoka miaka yote, Baba Karekezi. Sabuni haikuwahi kujua."

Shule ilikuwa imefungua na sabuni ilikuwa inasubiriwa. Akajaza madumu, akayafunga kwenye baiskeli, akayapeleka. Povu lilikuwepo, na alipoosha sufuria yake nyeusi kwa sabuni hiyo, sufuria ilitakata. Alijitia moyo kwa hilo njia nzima, akisukuma baiskeli kwenye vumbi jekundu lililompanda mpaka magotini.

Siku nne baadaye aliitwa. Matroni wa shule, Benadeta, mwanamke mrefu mwenye funguo nyingi kiunoni, alimkuta mlangoni mwa jiko, wala hakumwambia akae. Wapishi wawili walikuwa wakimenya ndizi. Wasichana wa zamu walikuwa wakisuuza masahani.

"Mama Karekezi, njoo uone mwenyewe." Aliigeuza chupa. Sabuni ikamwagika kwa mkupuo mmoja sakafuni. "Hii ni nini?"

"Ni sabuni, matroni."

"Mimi nimeosha vyombo tangu sijaota meno ya juu. Hii umeiongeza maji."

"Sijaongeza hata kikombe."

"Kwa hiyo maji yamejiongeza yenyewe?"

Mpishi mmoja akacheka. Mwingine, bila kuinua macho kutoka kwenye ndizi zake, akasema kwa sauti ya chini, lakini si ya chini sana, "Watu hawa wa kuja, ukiwazoea tu."

Costansia alisikia. Wazazi wake walivuka kutoka Rwanda wakiwa vijana. Yeye alizaliwa huku huku, Nyakasimbi, akabatizwa huku, akaolewa huku, na karatasi zake zilikuwa kamili. Lakini miaka zaidi ya kumi iliyopita alishuhudia majirani walioamriwa kurudi kwao wakifunga magodoro na kuku na kuelekea mpakani, wengine watu aliowajua tangu utoto, na tangu siku hizo alijifunza kutompa mtu yeyote sababu ya kumshuku. Vipimo vyake vilifurika. Dumu lake la lita ishirini lilikuwa na lita ishirini na kidogo. Alisalimia kwanza, alitoa njia kwanza, na kanisani alikaa viti vya nyuma.

"Matroni, mimi sijui imekuwaje," alisema. "Lakini maji sijaongeza."

"Yachukue madumu yako," Benadeta akasema. "Ukiwa na sabuni, uniletee sabuni."

Akayafunga tena kwenye baiskeli. Mteremko wa shule una mawe, na dumu lililojaa hukusukuma kwa nyuma kama mtu anayetaka ufike haraka mahali usipotaka kwenda. Nusu ya njia alishuka, akaiegemeza baiskeli kwenye mgomba wa mtu, akalia kidogo, akajifuta kwa kitenge, akaendelea. Hakulia kwa ajili ya sabuni peke yake.

Wiki iliyofuata alijaribu tena. Safari hii alitia gundi mara mbili ya kawaida, akaimwaga yote kwa pamoja kwenye ndoo ya maji ya kisima. Unga ukashikana ukawa mabonge yenye utelezi nje na unga mkavu ndani, na hata alipoyaponda kwa vidole hayakufunguka. Kilichotoka kilikuwa kile kile. Alikwenda mpaka dukani Kayanga alikonunua malighafi akamuuliza muuzaji kama gundi ni ile ya siku zote. Muuzaji akamwonyesha mfuko: jina lile lile, rangi ile ile. Wengine wote wananunua, akasema, hakuna aliyelalamika.

Maneno yakasambaa bila haraka, kama yanavyosambaa Nkwenda, kutoka jikoni kwa shule mpaka sokoni, kutoka sokoni mpaka ibadani. Hakuna aliyemwambia usoni. Walichukua tu chupa, wakaigeuza, wakairudisha mezani, wakasema watapita kesho.

Aliyepita kweli alikuwa Mwalimu Projest. Huyu alifundisha kemia pale shuleni, kijana wa miaka thelathini hivi kutoka Kiruruma, mwembamba, mwenye tabia ya kuanza sentensi mbili kabla ya kumaliza moja. Alifika alasiri moja kwa pikipiki, akaivua kofia, akasalimia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kama ni sabuni, sina."

"Nimesikia. Mimi naosha vyombo vya maabara kwa sabuni yako mwaka wa tatu sasa. Nimekuja kuuliza tu, mama. Umebadilisha nini?"

"Sijabadilisha kitu."

"Asidi?"

"Ile ile."

"Gundi?"

"Ile ile. Nimeuliza mpaka Kayanga."

"Maji?"

Costansia akamtazama. "Maji ni maji, mwalimu."

Projest akaomba aonyeshwe maji. Akachovya kidole kwenye dumu, akakilamba, akakunja uso. Kisha akaomba unga wa gundi kidogo kwenye karatasi, na kichupa cha sabuni iliyokataliwa.

"Mama, unaweza kuja shuleni Jumamosi asubuhi? Si jikoni. Maabara."

Alitaka kukataa. Siku ya Jumamosi alikuwa na maharage ya kupiga, na kupanda mlima ule tena kwa mguu lilikuwa jambo ambalo mwili wake ulilikataa kabla ya mdomo. Lakini Mutabazi alisema kutoka mahali pake, "Nenda. Maharage nitayapiga nimekaa," na alijua kuwa asingeweza, na alijua pia kwamba mumewe asingelisema hilo kama kusingemuumiza kumwona vile. Akaenda.

Maabara ilikuwa na harufu ya gesi na chaki. Projest alikuwa amepanga bilauri tatu juu ya meza ndefu, na alionekana hakulala vizuri.

"Kwanza nikuombe radhi," alisema. "Mimi nilidhani umeuziwa gundi bandia. Jana nimeiloweka kwenye maji ya mvua, tangi letu bado lina maji. Tazama."

Aliinamisha bilauri ya kwanza. Ute ulijivuta polepole ukingoni, ukaning'inia, ukakataa kudondoka. Ulikuwa ute ule ule Costansia aliouzoea miaka saba.

"Kumbe ni nzima," akasema.

"Ni nzima. Sasa hii ni gundi ile ile, kipimo kile kile, kwenye maji ya kisima chako." Aliinamisha bilauri ya pili. Ikamiminika kama uji wa mgonjwa. "Basi nikajiuliza. Nikachukua hii nzito... hapana, fanya wewe mwenyewe, mama. Tia chumvi."

Alimpa kijiko. Costansia akatia chumvi kidogo kwenye ile bilauri ya kwanza, akakoroga kwa kijiti cha kioo. Mkono wake, ambao ulikuwa umekoroga mapipa mengi kuliko alivyoweza kuhesabu, ulihisi jambo hilo kabla ya macho. Kizuizi kilikuwa kikilegea. Kijiti kilianza kuzunguka chenyewe. Akaongeza chumvi, kikawa chepesi zaidi.

"Yesu wangu," alisema taratibu. "Mimi ndiye niliyekuwa naiua."

"Ulikuwa unafanya ulivyofundishwa. Ziko sabuni zinazotengenezwa kwa dawa nyingine, hizo chumvi inazitia uzito mpaka kiwango fulani. Yako inategemea gundi hii, na hii haielewani na chumvi; ile kidogo ya siku zote iliivumilia tu kwa sababu maji yalikuwa ya mvua."

"Kwa nini?"

Projest akakuna kichwa. Somo lile alilifundisha kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili maneno yalimponyoka. Alianza, akaacha, akaanza upya.

"Gundi ikiyeyuka inakuwa nyuzi. Ndefu ajabu, lakini nyembamba, jicho halizioni. Kila uzi una pingili, kama muwa, mamia kwa maelfu. Na kwenye pingili nyingi pana chembe ya umeme. Si umeme wa kumpiga mtu. Umewahi kuvua sweta asubuhi ya kiangazi, nywele zikasimama?"

"Nimewahi."

"Ndiyo huo. Sasa, umeme wa aina moja husukumana. Pingili hii inaisukuma ile, ile inaisukuma hii, kwa hiyo uzi hauwezi kujikunja. Unajinyoosha wote. Nyuzi zilizonyooka zinaijaza ndoo nzima, zinakwamishana, maji yanashindwa kupita haraka. Huo ndio uzito unaouona. Ukitia chumvi, nayo inavunjika kuwa chembe za umeme, na zile za umeme wa kinyume zinakwenda kujibanza kando ya pingili. Zinazikinga. Pingili haisikii tena jirani yake. Kusukumana kunaisha, na uzi unajikunja." Akatafuta mfano mezani, hakuuona. "Kama jongoo ukimgusa."

Costansia aliitazama ile bilauri iliyokuwa maji matupu. "Kwa hiyo gundi haijapotea."

"Imo yote, mama. Imejikunja tu. Na maji ya kisima kile yana chumvi zake, tena nyingine ya chokaa, hiyo ndiyo ile inayofanya ukoko kwenye sufuria. Hiyo inaikunja zaidi kuliko hii ya jikoni."

Kisha akamwonyesha la tatu. Bilauri ya mwisho ilikuwa na spiriti ya maabara. Akadondoshea humo ute mzito kidogo kidogo, nao haukuyeyuka; uligeuka nyuzi nyeupe zilizozama zikikumbatiana. Akazitoa kwa kijiti, zikaning'inia kama pamba iliyolowa.

"Maji yanaipokea, inafunguka. Spiriti haiipokei kabisa, inajikusanya na kujitenga. Kitu ni kimoja, kinategemea kimetiwa wapi."

Costansia aliugusa uzi ule mweupe kwa kidole chake kigumu. Mwalimu alidhani hajaelewa, akaanza kueleza upya, naye akamkatiza kwa upole.

"Nimeelewa, mwanangu. Sasa matroni ataelewa?"

Hilo lilimtia Projest mashaka zaidi kuliko kemia yote. Lakini alikuwa na chupa ya sabuni ya mwezi wa tano, ile nzito, iliyobaki nusu kwenye kabati. Jumatatu, saa ya mapumziko, alimfuata Benadeta kwenye jiko la shule, Costansia akiwepo, akamweleza habari za nyuzi na umeme. Alipima kiasi sawa cha sabuni nzito ya zamani na cha ile nyepesi iliyorudishwa, akavichemsha kwenye vibakuli viwili juu ya moto mdogo mpaka maji yote yakaondoka, akavipima kwenye mizani ya maabara mbele ya macho yao.

"Angekuwa ameongeza maji," alisema, "hiki chepesi kingebaki na kidogo. Tazama, matroni. Kimezidi."

Benadeta hakuwa mjinga. "Kimezidi kwa nini?"

"Kwa chumvi aliyoongeza akijaribu kuirekebisha."

"Basi huenda ametoa sabuni akaweka chumvi."

Mizani haikuweza kujibu hilo. Aliyeokoa jambo alikuwa yule yule mpishi wa maneno ya watu wa kuja, mwanamke aitwaye Jovitha. Alikuwa amesimama karibu akitazama kwa udadisi, na hakupenda kubishana juu ya mizani wakati sufuria za mafuta zimejaa kwenye karo la kuoshea vyombo. Akachukua sahani mbili zilizoganda mafuta ya nyama, akaosha moja kwa sabuni nzito, nyingine kwa nyepesi, kijiko kimoja kimoja. Akazisuuza. Akapitisha kidole, zikalia zote mbili.

"Zote zinatoa," alisema. Kisha akaongeza, kama anayejishangaa mwenyewe, "Tena hii nyepesi inasuuzika upesi."

Benadeta alizichukua zile sahani. Akazipanga kwenye rafu, akajifuta mikono. "Mimi ningejuaje mambo ya umeme ndani ya sabuni," alisema, na akatoka, funguo zikilia.

Hayo tu. Costansia alikuwa ametarajia, bila kujikubalia, kwamba kutakuwa na zaidi. Alishuka mlima akiwa na nafuu moyoni lakini na mwili ule ule uliochoka. Projest alimpa dumu la maji ya mvua kutoka tangi la shule, akamfundisha alilokuwa amelisoma: unga ulowanishwe kwanza kwa spiriti kidogo, punje zitengane kabla hazijafunguka, ndipo uingie kwenye maji ya mvua polepole na kulala humo mpaka kesho yake. Maji ya kisima yatumike kwa sehemu iliyobaki, na chumvi aiache kabisa. Aliahidi kwamba haitakuwa nzito kama ya mvua tupu, maana hata asidi ikikutana na magadi huzaa chumvi yake, lakini itakuwa sabuni ya kuonekana.

Ikawa hivyo. Haikufikiria sana ilipogeuzwa chupani, lakini haikukimbia. Sokoni walianza kuinunua tena, kwanza kwa kujaribu, baadaye bila kusema. Yeye hakuwaeleza. Alipoulizwa ilikuwaje, alijibu, "Ilikuwa maji," nao wakaitikia kwa vichwa kama wanaokubaliana na jambo walilolijua siku zote.

Katikati ya mwezi wa nane Benadeta alifika nyumbani kwake. Hakuwahi kufika pale. Alimkuta Costansia akianika maharage na Mutabazi akichonga mpini, akawasalimia wote wawili, akakaribishwa kiti. Shule ilikuwa imechukua sabuni kwa mtu mwingine kwa muda, alisema, na wasichana wanalalamika inawawasha mikono. Wanahitaji madumu matano.

"Matano siwezi," Costansia alisema.

"Matatu, kama zamani?"

"Nitatengeneza mawili. Na sitayaleta. Gari la shule linapita hapa kila Ijumaa likitoka sokoni, lisimame lichukue."

Mutabazi aliacha kuchonga. Hakuwahi kumsikia mkewe akimpangia mtu masharti. Benadeta naye alionekana hakutarajia, lakini alikubali.

"Kuna jingine, matroni. Uliniita mwongo jikoni, mbele ya wapishi na watoto wa watu. Sitaki uniombe radhi hapa nyumbani kwangu. Ukaseme kule kule uliposema."

Sauti yake haikupanda. Alikuwa amechoka mno kuipandisha, na pengine kwa sababu hiyo Benadeta hakupata mahali pa kubishia.

"Nitasema," akajibu.

Alisema kweli. Costansia hakuwepo, alisimuliwa na Jovitha aliyekutana naye njiani baada ya ibada ya Jumapili. Ijumaa ile madumu yaliposhushwa, matroni aliwasimamisha wote jikoni, wapishi na wasichana wa zamu, akasema kwamba sabuni ya mwezi wa saba haikuongezwa maji, kwamba alikosea, na kwamba Mama Karekezi ni mtu mwaminifu. Alisema haraka haraka, kama mtu anayemeza dawa, na baadaye akamfokea msichana mmoja kwa kuacha bomba wazi.

"Na mimi pia," Jovitha akasema, akichezea ncha ya kitenge chake. "Kile nilichokisema siku ile, mama. Mdomo tu."

"Nilikisikia," Costansia akajibu.

Walitembea pamoja mpaka njia panda, wakiongea habari za bei ya kahawa na mgonjwa mmoja waliyemjua wote wawili. Costansia alipofika nyumbani alimkuta Mutabazi amesinzia. Akavua viatu, akajinyoosha juu ya mkeka kando yake jua likiwa bado juu, jambo ambalo hakulifanya tangu Karekezi akiwa mchanga, na hakuna aliyemwamsha.